Kanda zipi ziokolewe kwanza? Namna takwimu zinavyoongoza uhifadhi wa sauti na picha maktabani

Kwa takribani miaka kumi, wakutubi na watunza kumbukumbu walikuwa wakiutaja mwaka 2025 kwa hofu. Walisema kanda za sauti na video ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye faili za kompyuta kufikia mwaka huo, nyingi zitapotea. Mwaka ukafika. Watu wenye kaseti zao kabatini wakazichomeka kwenye mashine, zikacheza vizuri tu. Swali likazagaa: kumbe tulitishwa bure?

Hatukutishwa bure, ila tahadhari yenyewe ilieleweka vibaya. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia iliitangaza mwaka 2015, na mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, jumuiya ya kimataifa ya kumbukumbu za sauti na picha, wakaanzisha mradi wa kuhadharisha dunia kuhusu kanda za sumaku. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kanda zote zitakufa usiku wa Desemba 31. Walichokuwa wakikitazama zaidi ni mashine za kuzichezea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016, na sababu mojawapo iliyotajwa ni ugumu wa kupata vipuri. Deki zilizobaki zinachakaa, mafundi wanaozijua wanastaafu, na kanda yenyewe nayo inazeeka. Mambo hayo yakiendelea sambamba, inafika siku ambapo kanda bado ni nzima lakini hakuna pa kuichezea, au pa kuichezea papo lakini gharama haibebeki.

Kwa hiyo 2025 ilikuwa kauli ya takwimu. Ilihusu mamilioni ya kanda kwa ujumla wake, haikuihusu kaseti moja iliyo mkononi mwako. Mkanganyiko huu ndio unaonisukuma kuandika, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wengi hatulioni: uokoaji wa sauti na picha maktabani, kabla haujawa kazi ya mashine, ni kazi ya kuhesabu.

Maneno matatu kabla ya kuendelea

Mikusanyo ya sauti na picha ni vile vitu vinavyohitaji mashine ili kilichomo kipatikane: santuri, kanda za rili, kaseti, kanda za video, filamu za sinema, CD na DVD. Kuhifadhi ni kazi nzima ya kuhakikisha yaliyorekodiwa yanaendelea kusikika na kuonekana, kuanzia kudhibiti joto na unyevu ghalani, kusafisha, kukarabati, hadi kunakili. Kudijitisha ni sehemu moja tu ya kazi hiyo: kuicheza kanda kwenye mashine yake na kuigeuza kuwa faili. Watu huchanganya haya mawili, wakadhani maktaba isiyo na mitambo ya kudijitisha haina lolote la kufanya. Inayo kazi kubwa, na ya kwanza ni kujua ina nini.

Na takwimu ninazozizungumzia hapa si za kutisha. Ni taarifa zilizokusanywa kwa utaratibu mmoja, zikahesabiwa, ili mtu aweze kuamua.

Kwa nini wasidijitishe zote tu?

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayesikia habari hizi, na jibu lake liko kwenye hesabu. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuicheza. Tuchukue maktaba ya mfano yenye kanda za video 10,000 za saa moja kila moja, ikiwa na fundi mmoja na mashine moja. Fundi anasafisha, anapanga mitambo, anacheza, anakagua faili. Tuseme anamaliza kanda nne kwa siku. Kwa siku 220 za kazi, hizo ni kanda 880 kwa mwaka, na mrundo wote utamchukua zaidi ya miaka 11. Kanda hazimsubiri.

Halafu kuna nafasi ya kuwekea. Saa moja ya video ya kawaida ya zamani, ikihifadhiwa bila kubanwa kwa ubora wanaoupendelea wahifadhi wengi, inakula takribani gigabaiti 100. Kanda zetu 10,000 zitahitaji gigabaiti milioni moja kwa nakala moja, na nakala moja haitoshi. Sauti ni nyepesi zaidi: saa moja ya sauti ya njia mbili, kwa kiwango cha kilohezi 96 na biti 24, ni kama gigabaiti 2 tu. Maktaba inayojua ina saa ngapi za sauti na saa ngapi za video inaweza kupanga bajeti. Isiyojua inakisia, na mara nyingi hugundua kosa lake diski zikishajaa katikati ya kazi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mlango wa kutokea. Fundi yuleyule akiendesha mashine nne kwa pamoja, kazi ya miaka 11 inaweza kukaribia miaka mitatu. Hapo mkutubi anayekwenda kuomba fedha anajua aombe mashine kabla ya kuomba watu. Bila namba, angeomba "msaada wa kuhifadhi urithi", na angejibiwa kwa pole.

Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani kilianza kwa kuhesabu. Mwaka 2009 kilitoa ripoti ya ukaguzi wa kampasi yake ya Bloomington, na ripoti ilionyesha rekodi zaidi ya 560,000 za sauti, video na filamu, zikiwa zimetawanyika katika vitengo takribani 80. Nyingi zilikuwa kwenye ofisi na stoo ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa ni hifadhi. Namba hizo ziliubadilisha mjadala. Mwaka 2013 uongozi wa chuo ulitangaza mpango wa dola milioni 15, lengo likiwa kumaliza kabla ya maadhimisho ya miaka 200 ya chuo mwaka 2020, na rekodi zaidi ya 350,000 zikadijitishwa. Uingereza nako, Maktaba ya Uingereza ilipoanzisha kampeni ya kuokoa sauti mwaka 2015, ilianza kwa kuwauliza wenye mikusanyo nchi nzima wana nini. Ikapata taarifa za rekodi karibu milioni 1.9.

Mstari mmoja wa daftari

Ukaguzi wenyewe hufanyika hivi. Mkaguzi anachukua kaseti ya VHS rafuni. Anasoma lebo na kuiandika kama ilivyo, hata kama imeandikwa "mkutano 2" tu. Anaandika aina ya kanda, mtengenezaji wake, na mwaka ukijulikana. Anaitazama kupitia kidirisha cha plastiki: je, mkanda umejikunja sawasawa, au kuna nyuzi zilizochomoza juu ya nyingine? Kuna unga mweupe ukingoni? Huo unaweza kuwa ukungu, na kaseti ya namna hiyo haiingizwi kwenye mashine yoyote mpaka isafishwe, kwani itaiambukiza mashine, na mashine itaziambukiza kaseti zitakazofuata. Anaangalia kile kikipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti. Kama bado kipo anakivunja, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya akafuta kila kitu. Dakika mbili au tatu, mstari mmoja umejaa.

Kwa kanda ya rili kuna jaribio zuri lisilohitaji kifaa chochote: inyanyue ielekee mwanga. Mwanga ukipenya kwenye mkanda uliojikunja, huenda ni wa asetati. Usipopenya, huenda ni wa poliesta. Hizi ni aina mbili za plastiki ya kutengenezea mkanda. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Asetati hukauka, hukunjamana na kukatika, na hutoa harufu ya siki. Baadhi ya kanda za poliesta za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu, zikanata, zikawa zinapiga kelele mashineni na kuacha masizi ya kahawia kwenye kichwa cha mashine. Tiba zake ni tofauti kabisa, kwa hiyo safu ya "aina ya mkanda" si ya kurembesha daftari.

Mkaguzi mzuri huwa na ujasiri wa kuandika "haijulikani". Mwaka 2005 utafiti wa kitaifa wa hali ya mikusanyo nchini Marekani ulikadiria kwamba taasisi za nchi hiyo zilikuwa na rekodi za sauti zipatazo milioni 46, na kwa zaidi ya asilimia 40 kati ya hizo hali yake haikujulikana. Wengi huona namba kama hiyo ni aibu ya kufichwa. Mimi naiona kuwa mojawapo ya namba zenye faida kubwa katika utafiti ule, maana inaonyesha mahali pa kupeleka watu kesho asubuhi. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kitu, na msimamizi akikadiria wingi wa kanda mbovu anaweza kuihesabu kama nzima.

Si lazima uhesabu zote

Hapa ndipo wakutubi wengi hukata tamaa. Wana maelfu ya makasha na wafanyakazi wawili, wakiambiwa wakague wanaona mlima. Takwimu zina jibu lililotumiwa na maktaba kwa miaka mingi: sampuli nasibu, yaani kuchagua vichache kwa namna inayokipa kila kitu nafasi sawa ya kuchaguliwa, ukavikagua hivyo kwa makini na kukadiria vilivyobaki.

Sampuli ya vitu 400 hivi inatosha kukupa jibu linalokosea si zaidi ya pointi 5 za asilimia, juu au chini. Maana yake ni kwamba ukirudia zoezi mara 100, takribani mara 95 jibu litaangukia ndani ya mpaka huo. Na linalowashangaza watu ni kuwa 400 hiyo inafaa kwa ghala la kanda 10,000 na inafaa vilevile kwa ghala la kanda 500,000. Mpimaji wa maabara humtoa mtu mzima mwenye mwili mkubwa damu kidogo ileile anayomtoa mwembamba, kwa kuwa damu imechanganyika mwilini. Ghalani vitu havijachanganyika, na ndiyo sababu tunahitaji bahati nasibu ituchanganyie. Ukichukua kanda 400 za rafu iliyo karibu na mlango, umepima rafu ya karibu na mlango, basi. Kipe kila kitu namba, kompyuta ichague, kisha ufuate namba hata ikikupeleka kona yenye vumbi. Na kanda iliyochaguliwa isipoonekana, usichukue jirani yake. Andika "haikuonekana", kwani hiyo nayo ni taarifa.

Tuione kwa filamu. Taasisi ya uhifadhi wa picha katika Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, ilibuni vipande vidogo vya karatasi vinavyobadilika rangi vikikutana na asidi inayotolewa na filamu ya asetati inayooza. Ubunifu huo ulipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar mwaka 1997. Unaweka kipande ndani ya kopo la filamu, unalifunga, unarudi baada ya saa 24. Kikibaki buluu, filamu iko salama. Kikielekea kijani kisha njano, hali inazidi kuwa mbaya, kutoka 0 hadi 3. Karibu na 1.5 kuna kizingiti: asidi iliyokwisha kujitengeneza inaanza kuchochea asidi nyingine, na uozo unaenda mbio.

Tuseme una makopo 5,000. Unapima 400 kwa sampuli nasibu, na 60 yanaonyesha kiwango cha 2 au zaidi. Hiyo ni asilimia 15. Ukiweka mpaka wa makosa, ukweli uko kati ya asilimia 11.5 na 18.5, yaani kati ya makopo 575 na 925 yaliyo hatarini. Sasa unaweza kwenda kwa mwenye fedha na ombi la nafasi ya makopo 925 kwenye chumba cha baridi kali. Na baridi ina maana: kwa vipimo vya taasisi hiyohiyo, filamu mpya ya asetati ikikaa kwenye nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50 hufikia mwanzo wa kuoza baada ya takribani miaka 40, na muda huo hurefuka mara kadhaa joto linaposhushwa. Kuna maktaba ambazo zingepata faida kubwa kwa kununua kiyoyozi kabla ya kununua mashine ya kudijitishia, ila hazijui kwa kuwa hazijapima.

Tafadhali shika tofauti hii, maana nimeona ikiwapotosha hata watu wenye uzoefu: sampuli inakwambia ni mangapi, haikwambii ni yapi. Makopo 60 umeyaona. Mamia mengine yako gizani bado, na kuyapata kunahitaji kupita kopo kwa kopo. Sampuli ni ya bajeti na mpango. Kuchagua kanda ya kuingia mashineni leo kunahitaji orodha kamili. Tena kundi dogo lenye hatari kubwa, kwa mfano santuri 70 za laka zilizorekodiwa mara moja tu, linaweza kupitwa kabisa na sampuli ya ghala zima. Makundi kama hayo hukaguliwa yote, pembeni.

Kongwe si lazima iwe ndiyo iliyo hatarini

Wengi huamini foleni ipangwe kwa umri, kongwe mbele. Ni imani inayoeleweka, na takwimu za hali huivunja mara kwa mara. Santuri ya shelaki ya miaka ya 1920, ikitunzwa vizuri na isipoangushwa, bado inacheza, na sindano za kuichezea bado zinatengenezwa. Linganisha na kanda ya DAT, yaani kaseti ndogo ya sauti ya dijitali, iliyoingia sokoni mwaka 1987: mkanda mwembamba, data zilizobanana, na mashine ambazo Sony iliacha kuzitengeneza mwaka 2005. Santuri huharibika polepole, ikakupa mikwaruzo ya kukuonya. Kanda ya dijitali inaweza kucheza safi leo, na kesho ikakaa kimya. Kwenye orodha iliyopangwa kwa hatari, kilichorekodiwa mwaka 1992 kinaweza kuwa mbele ya kilichorekodiwa 1932.

Imani ya pili ni ya ndani zaidi: tuanze na vinavyoazimwa sana. Takwimu za uazimaji ni nzuri, lakini zina upofu. Kanda isiyo kwenye katalogi haiwezi kuombwa, na isiyoombwa inaonekana haina thamani, ikabaki bila kuingizwa kwenye katalogi. Mahojiano na wazee yaliyorekodiwa mara moja, lugha yenye wazungumzaji wachache, ngoma ya arusi isiyopigwa tena: hivi mara nyingi ndivyo vyenye sifuri kwenye safu ya uazimaji. Sifuri hiyo isisomwe kama hukumu.

Upande wa pili, baadhi ya vinavyoazimwa sana ni filamu na vipindi vilivyouzwa madukani, ambavyo maktaba nyingine mia zinavyo. Hapo safu ya "nakala nyingine zinajulikana?" inaokoa saa nyingi za fundi. Nchini Marekani jambo hili limeingia hata kwenye sheria: kifungu cha 108 cha sheria ya hakimiliki kinairuhusu maktaba kunakili rekodi iliyochapishwa ambayo inaharibika au ambayo mashine zake zimepitwa na wakati, ikishajiridhisha kwa juhudi za kutosha kwamba nakala nyingine isiyotumika haipatikani kwa bei ya haki. Asiyeandika alitafuta wapi na lini, hana ushahidi wa juhudi hizo.

Baada ya hapo maktaba nyingi hutoa alama. Hatari ya kanda inapewa alama zake, thamani ya yaliyomo inapewa zake. Indiana walitengeneza programu mbili tofauti kwa mambo hayo mawili, na nadhani walifanya vyema kuyatenganisha. Ukiyajumlisha mapema, kanda mbovu isiyo na maana na kanda nzima yenye thamani kubwa hupata alama sawa, na hujui tena unatazama nini. Wala alama 3.4 haiishindi 3.3 kwa chochote cha kweli. Namba hizo zilianza kama maoni ya mtu aliyeketi mbele ya rafu. Zitumike kugawa makundi: hizi mwaka huu, hizi baadaye, hizi zikae kwenye baridi. Ndani ya kundi, waamue watu wanaoyajua yaliyomo, wakiwemo wale waliorekodiwa na jamaa zao, pale wanapopatikana.

Faili nazo zinahesabiwa

Wapo wanaodhani kanda ikishakuwa faili, kazi imekwisha. Faili nayo huharibika, na huharibika bila harufu wala unga mweupe. Ndiyo sababu, faili inapozaliwa, programu huikokotolea alama ya uthibitisho: mfuatano wa herufi na namba unaotokana na yaliyomo yote. Biti moja ikibadilika, mfuatano unabadilika. Maktaba hurudia ukokotoaji huo kwa ratiba na kulinganisha. Takwimu za kutunzwa hapa ni chache: faili ngapi zimekaguliwa, ngapi zimeshindwa, ziko kwenye diski ipi, zimerejeshwa kutoka nakala ipi. Zinazoshindwa zikianza kukusanyika kwenye diski moja, diski hiyo ihamwe kabla haijafa.

Kuna hesabu nyingine ambayo husahaulika. Katika kila kundi la kanda zilizodijitishwa, chagueni chache kwa nasibu, mtu akae azisikilize na kuzitazama toka mwanzo hadi mwisho. Programu inaweza kuthibitisha kwamba faili haijabadilika tangu ilipozaliwa. Haiwezi kukwambia kwamba ilizaliwa na kasoro, kwamba upande mmoja wa sauti haukurekodiwa kwa sababu waya ulilegea Jumatatu asubuhi na kanda zote za siku hiyo zikapita hivyo. Kosa likionekana kwenye moja, rudini kwenye daftari, tafuteni zilizopita kwenye mashine ileile siku ileile, mzicheze upya. Kwa hiyo daftari liwe na safu ya namba ya mashine na tarehe, na kanda halisi zisitupwe.